Wachezaji Walale

Pale Katonga, mjini Kigoma, ukitaka kujua Karabai FC imecheza vipi, humuulizi kocha. Kocha ataanza habari za mipango na utachelewa kwenda kula. Unakwenda vichanjani kwa Mama Skola, unamkuta kainama anageuza dagaa zake, unamwamkia, na kabla hujamaliza kumwamkia ameshakupa mechi nzima toka filimbi ya kwanza. Nani alikimbia, nani alijificha nyuma ya beki kama anadaiwa, nani alistahili kutolewa mapema na kwa nini kocha hakumtoa. Hakuna aliyemwomba. Lakini hakuna aliyeondoka pia.

Jina lake kamili ni Skolastika. Watu waliwahi kutafuta sababu ya mwanamke wa makamo, muuza dagaa, kuipenda timu ya mtaani kiasi kile. Wengine walisema lazima kuna mtoto wake anacheza, wengine wakasema marehemu mumewe alikuwa mwanzilishi. Yote uongo. Wanawe wako Tabora na hawajui hata ofsaidi ni nini, na mumewe yuko hai, anauza vipuri vya baiskeli mtaa wa Mwanga na anapenda kulala mapema. Mama Skola aliipenda Karabai kwa sababu aliipenda, basi, na aliyemsumbua kwa swali hilo aliambiwa akamuulize mkewe kwa nini aliolewa naye.

Hukumu zake zilijulikana. Yona, mshambuliaji, ana mguu wa kushoto mtamu na wa kulia wa kusimamia tu. Kocha anapanga timu kama anayegawa ubwabwa wa msiba, anataka kila mtu apate kidogo. Lakini moto wote aliuweka kwa kipa, Amuri. "Yule si kipa," alisema mbele ya umati uwanjani, tena kwa sauti ya kumfikia mwenyewe golini. "Yule ni mlango wa kanisa. Jumapili nzima uko wazi."

Amuri alikuwa kijana mrefu, mpole, wa familia iliyovuka ziwa kutoka Congo enzi za babu yake. Mikono yake ilikuwa mirefu na mizuri, hilo hata Mama Skola hakulikataa. Tatizo lilikuwa macho. Katika mzunguko wa kwanza, dhidi ya vijana wa Kasulu, mpira ulibingirika polepole kabisa ukampita akiwa ameegemea mlingoti, macho yamefumba, kichwa kimeinamia bega. Aliamshwa na kelele za waliofunga. Mama Skola alirudi nyumbani siku ile bila kusalimiana na mtu njiani.

Sababu ilijulikana na kila mtu. Wachezaji watano wa kikosi cha kwanza walikuwa wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, vijana wanalala, na Karabai inashinda. Giza likiingia wanakesha ziwani wanavuta nyavu, asubuhi wanashusha, jioni wanaingia uwanjani na miguu ya kuazima. Na wanaopanga ratiba ya ligi hawatazami mwezi. Kwa hiyo kila msimu Karabai ilipanda na kushuka, ikaishia katikati ya msimamo, na Mama Skola akaishia kusema mwaka kesho.

Mwaka huu serikali ikafunga ziwa. Miezi mitatu, samaki wazaliane, asionekane mtu na wavu. Katonga ikapoa. Vichanja vikabaki mbao tupu, wachukuzi wakawa wanacheza bao mchana kutwa, watu wakala ugali wa muhogo kwa matembele mpaka wakayachukia. Mama Skola mwenyewe akaanza kukaanga mihogo pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, na mihogo hakuipenda hata kidogo kwa sababu haikuwa na cha kubishania.

Lakini Karabai! Wale vijana watano walilala kwenye vitanda vyao usiku kucha, kila usiku, na jioni wakafanya mazoezi ufukweni mpaka jua linazama. Njaa walikuwa wameizoea, usingizi ndio uliokuwa mgeni kwao. Yona akaanza kufunga hata kwa mguu wa kulia. Wakashinda mechi ya kwanza, wakashinda ya pili, wakaenda Uvinza wakashinda huko. Kila timu iliyokuja kucheka ilipanda gari la kurudi ikiwa kimya. Mama Skola alikuwa na furaha ya kuonea aibu, kwa maana mji mzima ulikuwa unalia. Jumapili kanisani, walipoombea ziwa lifunguliwe mapema, alichezesha midomo bila kutoa sauti.

"Na Amuri, Mama?" watu walimchokoza. "Hajafungwa mechi ngapi sasa?"

"Amuri amepumzishwa na serikali," alijibu. "Tutaona."

Zaidi ya hapo hakusema, na Amuri alisikia, kwa sababu Katonga hakuna kinachosemwa kisimfikie mwenyewe.

Ikabaki mechi moja, dhidi ya Nyota ya Ujiji. Sare tu ingetosha kuwafanya Karabai mabingwa wa mkoa, wakatoke nje ya Kigoma kucheza na mabingwa wa mikoa mingine, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mechi ikaahirishwa kwa msiba. Ikaahirishwa tena kwa sababu uwanja ulichukuliwa na mkutano. Halafu gari la matangazo likapita barabarani likisema kwa furaha kwamba mechi ni Jumamosi saa kumi jioni, wananchi wote mnakaribishwa.

Mama Skola alikuwa anageuza mihogo kwenye karai. Akaacha mwiko ndani ya mafuta. Ziwa lilikuwa linafunguliwa Ijumaa jioni.

Alihesabu mwezi kichwani, kama wanavyofanya wote wanaoishi kwa dagaa. Ulikuwa umeshaanza kuchelewa kuchomoza. Giza zuri kabisa, baada ya miezi mitatu bila wavu. Ijumaa usiku kusingebaki mwanamume mwenye nguvu nchi kavu.

Alizima jiko akaenda kwa Amuri.

Alimkuta uani ameketi juu ya ndoo, anafuta vumbi kwenye taa moja baada ya nyingine. Amuri ndiye alikuwa mtu wa taa katika mtumbwi wa tajiri Gervasi. Mkewe, Angela, alikuwa ananyonyesha mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ijumaa unakwenda ziwani?"

"Nakwenda."

"Na Jumamosi una mechi."

"Najua, Mama."

"Basi usiende."

Amuri aliweka taa chini taratibu. "Mama, humu ndani tumekula matembele mpaka huyu mtoto anayanyonya kwa mama yake. Usiku wa kwanza ndio wenye samaki, wewe unajua kuliko mimi. Nikimwambia tajiri leo sikeshi ziwani, kesho ameshapata mtu mwingine wa taa. Na nikitoka pale sina pa kwenda."

"Utasinzia golini."

"Nitasinzia. Halafu utanitukana. Si umezoea?"

Angela aliinua uso mlangoni. Mama Skola alifungua mdomo, na Amuri akamwahi kwa upole uleule.

"Niseme neno usikasirike? Wewe mpira unaujua, hakuna anayebisha. Lakini hujawahi hata siku moja kuvuta wavu usiku kucha, halafu mchana ukaulizwa mbele ya watu kwa nini umefumba macho."

Alikasirika. Alikasirika sana, kwa sababu alilitafuta jibu akalikosa, na kwake hilo lilikuwa jambo geni. Alimuaga Angela, akatoka. Njiani hasira ikageuka. Akajiambia kwamba sare ile haitapotea kwa ajili ya usingizi, hata kama itabidi amshike tajiri mashati.

Tajiri Gervasi alikuwa na mitumbwi mitatu, na wachezaji wote watano walikuwa watu wake. Alimkuta barazani anaijaribu mashine mpya ya mtumbwi ndani ya pipa la maji. Ilibidi wapige kelele ili wasikizane.

"Mzee Gervasi, wewe ni shabiki wa Karabai?"

"Jezi ya kwanza nilinunua mimi!"

"Basi waache wale watano walale Ijumaa!"

Gervasi alizima mashine. Alikuwa mtu wa kufikiri akiwa ametazama pembeni. "Mama Skola," alisema, "nimelisha familia za watu miezi mitatu kwa mkopo. Nyavu zangu zimekaa zinaliwa na panya. Ijumaa nataka mitumbwi yangu yote mitatu majini, imejaa watu. Wavu hauvutwi kwa ushabiki."

"Ungevutwa na watu wengine je?"

"Watu gani? Kila mwenye mikono ameshachukuliwa."

"Nikikuletea mimi?"

Akamtazama sasa. "Mkono kwa mkono," alisema. "Kila mmoja unayemtoa, weka mwingine mahali pake kabla mtumbwi haujasukumwa. Ukikosa mmoja, mmoja huyo anakwenda ziwani. Na fungu la samaki ni la mchezaji mwenye zamu, mkigawana vingine ni shauri lenu. Lakini usiniletee watu wa kutapika."

"Ego," alisema Mama Skola, ndiyo kwa Kiha, kama anayekula kiapo, na akaondoka kabla tajiri hajaongeza sharti.

Alijua pa kwenda. Saluni ya Feliksi kinyozi, karibu na soko, ndiyo ilikuwa bunge la mashabiki wa Karabai. Wanaume walikaa pale toka asubuhi wakipanga timu, na siku hiyo alipoingia walikuwa wanabishana kama Yona aanzie kushoto au katikati. Feliksi alikuwa na mashine ya kunyolea mkononi na mteja nusu kichwa, hana habari naye.

"Mwakeye," Mama Skola aliwasalimu.

"Mwakeye, Mama. Afadhali umekuja, hebu tuamulie hili la Yona."

"Yona atakuwa amekufa kwa usingizi. Mpangeni popote, hata golini."

Akawaeleza. Ziwa, mechi, sharti la Gervasi. Wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Kweli jambo zito, walisema, uongozi uliangalie. Mmoja akashauri iandikwe barua kwa chama cha mpira.

"Sikuja kutaka ushauri," alisema Mama Skola. "Nataka watu watano wa kwenda ziwani."

Hapo ndipo ungejua jinsi wanaume wa Katonga walivyo wagonjwa. Mmoja mgongo. Mmoja kifua, na maji ya usiku yana baridi. Mwingine alikuwa mpwa wa mvuvi na mtoto wa mvuvi, lakini akaapa kwamba hajui kuogelea. Yule mteja wa nusu kichwa akasema yeye hata ni shabiki wa timu nyingine, amekuja kunyoa tu.

Mama Skola aliwasikiliza wote. Kisha akavuta benchi akaketi, na alipoanza kusema hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyowatisha.

"Msimu mzima mmekaa kwenye kivuli hiki. Mmemtoa huyu, mmemwingiza yule. Mlisema Amuri mvivu. Na mimi nilisema, tena kuliko nyinyi wote. Wao wamevuta nyavu usiku na wametuchezea mchana, sisi tumevaa jezi tukazomea. Sasa wanataka kitu kimoja tu: walale. Usiku mmoja. Mwenye jezi asiyeweza kumlalisha mchezaji wake usiku mmoja aivue hapa hapa, nitaitumia kufutia karai."

Hakuna aliyevua jezi. Hakuna aliyeinuka pia.

"Mama," alisema Feliksi kwa sauti ya kubembeleza, "mimi ni kinyozi. Mikono yangu hii laini."

"Mikono hiyo ndiyo uliyoinua kwenye mkutano wa timu ukitaka Amuri aachwe. Iinue tena, nione."

Feliksi, ambaye kwa miaka alibishana na Mama Skola juu ya kila mchezaji na hakuwahi kukubali ameshindwa, akaweka mashine yake mezani akainua mkono. Akafuata fundi simu wa jirani. Wakafuata madereva wawili wa bodaboda, kwa sababu waliona aibu kushindwa na kinyozi. Baada ya hao hakuna aliyetikisika, hata alipowataja kwa majina.

"Wanne," alisema Feliksi. "Wa tano je?"

"Wa tano yupo," alisema Mama Skola, akainuka.

Ijumaa jioni ufukwe wa Katonga ulijaa watu utafikiri sikukuu. Wanawake walikuja na mabeseni ingawa samaki wasingefika hadi asubuhi. Watu walishangilia kila mtumbwi ulioguswa na maji. Mashabiki wanne walisimama kando wamevaa makoti ya kuazima, nyuso zimewasawijika. Wachezaji wanne walikuwa wameshawakabidhi zamu zao, wanacheka, hawaamini bado. Amuri peke yake alikuwa anapakia taa mtumbwini, kwa kuwa hakuna aliyekuja kushika mahali pake.

Mama Skola akaja amejifunga kanga mbili kiunoni na sweta la mumewe juu, akaingia majini hadi magotini.

"Shuka," alimwambia Amuri.

Elikana, nahodha wa mtumbwi ule, alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akakataa katakata. Mwanamke hapandi mtumbwi wa usiku, alisema, nyavu zitakataa, toka babu zao haijatokea.

"Zikikataa utanishusha," alisema Mama Skola. "Mzee Gervasi! Ulisema mkono kwa mkono. Ulisema mkono wa mwanamume?"

Ufukwe mzima ukamgeukia tajiri. Gervasi alitazama pembeni, kama kawaida yake. "Sikusema," alijibu. "Elikana, msukume mtumbwi."

Amuri alikuwa bado ndani na taa mkononi. "Mama, kazi hii utaiweza?"

"Niambie inavyofanywa, niondolee maswali."

Akamwambia. Taa zipangwe vipi, ipi isiguswe mpaka nahodha aite, zipunguzwe moja moja dagaa wakishakusanyika, na kwamba wakianza kuvuta hakuna mtu wa taa wala wa nini, wote wanavuta. Alimwambia kwa haraka, na mwisho akavua glavu zake za mpira akampa.

"Nenda kalale," alisema Mama Skola. "Na fungu ni lako, nitamletea Angela mwenyewe. Lakini nikisikia ulikaa macho, mimi na wewe hatusalimiani tena."

Usiku ule Mama Skola hakupenda kuusimulia baadaye, na haikuwa kawaida yake kukosa la kusimulia. Inajulikana kwamba fundi simu alitapika, na mmoja wa bodaboda pia. Inajulikana kwamba nyavu hazikukataa. Dagaa walikuja kwenye mwanga kama waliokuwa wanasubiri kuitwa, na kila mara waliposhusha wavu ulirudi mzito kuliko wa kwanza, na kila mara walipodhani kazi imekwisha Elikana aliita tena. Zile glavu zilimpwaya, akazivua, na kamba ikamla viganja. Katikati ya kazi alimkumbuka Amuri ameegemea mlingoti, na akaona aibu mpaka shingoni. Kisha akaitwa avute, akavuta.

Walirudi kumekucha, mitumbwi imeelemewa na dagaa, maji karibu yafike ukingoni. Wenzake walikwenda kujitupa kitandani. Yeye alimpelekea Angela beseni lake, akamkuta Amuri bado anakoroma, akafurahi. Kisha akarudi vichanjani, maana dagaa mbichi hawajui habari za mechi, wanataka jua hilohilo la asubuhi. Alianika hadi mchana. Alipomaliza alikuwa na muda wa kuoga na kuvaa jezi tu.

Uwanja wa Lake Tanganyika ulikuwa umefurika. Ujiji walikuja na ngoma. Mama Skola alipewa nafasi ya mbele, karibu na lango la Amuri, yeye na wanamgambo wake wanne, na watu waliwapigia makofi walipopita. Feliksi alikuwa amefunga vitambaa mikono yote miwili. Fundi simu aliahidi kurekodi mechi nzima, tayari simu imenyanyuliwa.

Dakika za kwanza alizishika vizuri. Aliona vijana wanakimbia kwa miguu yao wenyewe. Aliona Yona anapoteza mpira wa wazi, akamwambia la kumwambia. Aliona Amuri anatoka golini anaudaka mpira wa juu katikati ya watu watatu, anasimama nao kifuani, macho yamemtoka pima, mazima, meupe. Akataka kusema neno. Nyota wakapata mpira wa kurusha upande wa pili, na jua lilikuwa limemkalia usoni, akafumba macho kidogo ili aupishe mwanga.

Alipoyafumbua, watu walikuwa wanamrukia. Mwanamke asiyemjua alikuwa amemkumbatia shingo analia. Jua lilikuwa limeshuka hadi juu ya maji, na uwanja umejaa watu wanaokimbia ovyo na mabango.

"Imekuwaje?" aliuliza. "Imeishaje?"

"Bila kwa bila! Mabingwa, Mama, mabingwa!"

Kando yake Feliksi alikuwa amelala kifudifudi juu ya magoti yake mwenyewe. Wale wa bodaboda walikuwa wameegemeana. Fundi simu alikuwa chali, simu juu ya tumbo, bado inarekodi, na baadaye walipoitazama ilikuwa na saa nzima ya anga tupu na sauti za watu wanaopiga mayowe kwa mambo yasiyoonekana.

Hakuna televisheni iliyokuja kwa mechi ya ligi ya mkoa. Kilichopita kilikuwa kimepita. Miaka yote ile ya kusimama kwenye jua na mvua kuangalia Karabai ikishindwa, na siku iliyotwaa ubingwa hakuiona. Iliuma. Iliuma kama mtu amempokonya kitu mkononi, na aliyempokonya ni yeye mwenyewe.

Umati ulikuwa unakuja. Walikuwa wamembeba Amuri juu, mdomo umepasuka, jezi imekuwa vumbi tupu, na walipomfikia Mama Skola wakamshusha mbele yake kwa makusudi, wakanyamaza. Walitaka hukumu. Walitaka kusikia atakavyosema sasa, baada ya msimu mzima wa mlango wa kanisa.

"Haya, Mama," alisema Amuri. Alikuwa anahema bado. Alijaribu kutabasamu kama mtu asiyejali, lakini alijali, alionekana. "Leo umenionaje?"

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, umedaka, na kila mtu angeshangilia, na nani angejua? Mama Skola alilifikiria neno hilo. Lakini hakuwahi katika maisha yake kumhukumu mchezaji kwa mechi ambayo hakuiona, na hakutaka kuanzia kwa huyu.

"Sikukuona, mwanangu," alisema. "Nilisinzia."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Amuri alimtazama Mama Skola. Kisha akaushika mkono wake wa kulia, akaugeuza, akaona kiganja. Macho ya Mama Skola yakajaa machozi mbele ya Kigoma nzima, na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilimwuma.

"Wapi ulipoishia?" aliuliza Amuri.

"Walikuwa wanarusha. Upande ule."

"Basi hujaona chochote." Akaketi chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, na waliombeba wakabaki wamesimama hawajui la kufanya. "Sikiliza. Wamerusha. Yule mrefu wao akaupiga kichwa, ukaenda chini kushoto kwangu. Nikalala, nikaugusa kwa vidole hivi viwili, ukagonga mlingoti—"

"Ngoja," alisema Mama Skola. "Mpira wa kurusha, umefika hadi kichwani kwa mrefu wao, ndani ya boksi lako?"

"Ndani ya boksi."

"Na wewe ulikuwa wapi? Kwa nini hukutoka?"

"Mama!"

"Nakuuliza kwa nini hukutoka. Mikono yote hiyo."

Amuri alianza kucheka, akashika mdomo wake uliopasuka. Mama Skola akaketi karibu naye, kwa taabu, kiuno kinamkataa. "Rudia," alisema. "Rudia yote, toka walipoushika mpira. Na usiniruke hata kona moja."

Amuri akarudia.